Bolti za stenlesi zimelika ndani ya mbao huku vichwa vinang'aa: vifaa vya mashua vifungwe kwa chuma gani?

#1 Mkazi wa Mkomani

Assalamu alaykum wanajukwaa. Nina mashua ya mbao ya futi 20 inayochukua abiria na mizigo kati ya Lamu mjini, Shela na Manda. Bawaba za usukani, vishikizo vya kamba vya omo na shetri (mbele na nyuma ya chombo), na ubao wa kufungia mashine vyote vilifungwa kwa bolti za stenlesi, kwa sababu niliambiwa kwamba chuma hicho hakishiki kutu. Tulipoipandisha pwani kwa ajili ya kalafati (kuziba nyufa za mbao), fundi alifungua bawaba ya chini ya usukani akakuta bolti iliyo nzima kichwani na nzima kwenye nati, lakini katikati, pale inapopita ndani ya mbao, imelika hadi nusu ya unene wake. Ya pili yake ilikatika mkononi. Jambo linalonishangaza zaidi ni kwamba bolti za vishikizo vya juu, zilizotoka katika pakiti ileile na kufungwa siku ileile, hazina hata alama.

Naomba kujua ni nini kimezila hizi za chini, na nifunge upya kwa kitu gani ambacho kitadumu. Usukani ukitoka mkondoni nikiwa na abiria, hilo si jambo la kusimulia.

#2 Fundi wa Keke (Matondoni)

Wa alaykumu salaam, mwanangu. Rudi kwenye chuma kilichopakwa zinki. Chuma cha kawaida kikianza kuoza hakifichi: mbao inayokizunguka huwa nyeusi, na michirizi myekundu huteremka kwenye rangi, basi mwenye chombo huonywa mapema. Stenlesi huoza kimya, na hilo ndilo lililokupata.

Sisi hutoboa tundu kwa keke, dogo kidogo kuliko msumari, tukauzungushia msumari utambi wa pamba iliyolowa sifa (mafuta ya papa) chini ya kichwa, tukaupigilia hadi utokeze upande wa ndani wa taruma (ubavu wa chombo), kisha tukaukunja. Pamba ikivimba, maji hayana njia. Kuna majahazi yaliyokwenda na misumari ya namna hiyo mpaka wenyewe wakayarithisha watoto wao.

#3 Malindi Faiba

Fundi namheshimu, lakini neno «stenlesi» peke yake halituambii kitu. Zipo aina nyingi, na madukani hukutana nazo mbili. Ya kwanza ni 304, yenye kromiamu asilimia 18 hivi na nikeli asilimia 8 hivi. Ya pili ni 316, ambayo imeongezwa nikeli na kutiwa molibdeni asilimia 2 hadi 3, na molibdeni hiyo ndiyo inayoisaidia kustahimili chumvi. Kwa macho hazitofautiani hata kidogo. Tazama kichwa cha bolti: ikiwa kimepigwa chapa A2, hiyo ni ya jamii ya 304, ikiwa ni A4, ni ya jamii ya 316. Kama hakina chapa yoyote, usiitie baharini.

Huku kwetu Malindi, mashua za faiba zinazokwenda kuvua sulisuli zimejaa vishikilia fimbo na vyuma vya sitahani, na wenye A4 huvisafisha tu wakati wenzao wa A2 wanabadilisha. Nadhani uliuziwa A2.

#4 Mvuvi Ngomeni

Njia rahisi ya kupima ni sumaku. Ikishika, hiyo si stenlesi nzuri. Isiposhika, hiyo ni ya baharini.

#5 Mwalimu wa Kemia

Ndugu yangu wa #4, niruhusu nisahihishe, kwa sababu ushauri huu umewatia wengi hasarani. 304 na 316 zote mbili kwa kawaida hazishikwi na sumaku, au hushikwa kidogo tu baada ya chuma kukunjwa na kupondwa kiwandani, kama inavyokuwa kwa bolti. Sumaku itakutofautishia stenlesi na chuma cha kawaida, lakini haiwezi kukuambia kama una A2 au A4.

Sasa nirejee kwa mwenye uzi. Maelezo ya #3 ni ya kweli, lakini hayatoshi, kwa sababu bolti za juu zimetoka katika pakiti ileile na ni nzima. Tofauti iko mahali, haiko dukani. Stenlesi hailindwi na ugumu wake, bali na utando mwembamba mno wa oksidi ya kromiamu ulioko usoni mwake, na utando huo ukikwaruzwa hujiziba wenyewe mradi tu pana oksijeni. Juu ya sitaha upepo na mvua huupa kila unachohitaji. Ndani ya tundu la mbao lililolowa, chini ya mstari wa maji, yale maji machache yaliyosimama humalizikiwa na oksijeni, chumvi hukusanyika, uchachu huongezeka, na utando ukitoboka mahali pamoja haujizibi tena. Ndiyo maana kichwa chako kinang'aa, nati inang'aa, na katikati hamna kitu. A4 huchelewa kupatwa na jambo hili kuliko A2, lakini nayo hupatwa, na bahari yenye joto kama yetu huharakisha.

Kwa mahali hapo mimi ningetumia bronzi ya silikoni, ambayo ni shaba asilimia 96 hivi na silikoni asilimia 3 hivi. Hiyo hugeuka kijani usoni lakini haihitaji hewa ili iishi.

#6 Fundi wa Keke (Matondoni)

Mwalimu umesema kwa maneno marefu lile nililolisema kwa mafupi: stenlesi huoza kimya. Hata hivyo nashukuru, kwa maana sababu yake sikuwa nimeelezwa hivyo.

#7 Binti Shela

Kabla watu hawajakimbilia kila kitu cha rangi ya shaba, naomba niwaonye juu ya shaba ya njano, ile inayotengenezewa mabomba na makomeo ya milango ya mjini. Hiyo ni mchanganyiko wa shaba na zinki, na zinki yenyewe huweza kuwa zaidi ya theluthi. Ikikaa ndani ya maji ya chumvi, zinki hutoka taratibu na kuacha shaba yenye vitundu vitundu, isiyo na nguvu. Katika mashua ya familia yetu skrubu za shaba ya njano zilizoshika mbao za chini zilikuwa zimegeuka waridi, na ziligeuka unga tulipozitia bisibisi. Kwa pambo la ndani, mpini wa kabati au kitasa, sina neno. Kwa kitu kinachobeba uzito majini, hapana.

Bronzi ya kweli haipatikani hapa kirahisi. Tuliagiza kwa jamaa anayesafiri, na bei yake ni mara kadhaa ya stenlesi.

#8 Mhandisi Kilindini

Maelezo ya #5 yananipendeza, lakini kuna jambo hajauliza: bawaba yenyewe ni ya chuma gani, na mashua ina betri au haina? Metali mbili tofauti zikigusana ndani ya maji ya chumvi, hufanya betri ndogo. Iliyo dhaifu hulika, na iliyo bora hulindwa. Ukizipanga kuanzia iliyo dhaifu ni zinki, kisha alumini, kisha chuma cha kawaida, kisha shaba ya njano, kisha bronzi, na stenlesi yenye utando wake mzima huwa karibu na mwisho.

Jambo hili lina historia ndefu. Mwaka 1761 jeshi la majini la Uingereza lilifunika sehemu ya chini ya meli HMS Alarm kwa mabati ya shaba ili kuzuia wadudu watobowao mbao. Meli ilipokaguliwa baada ya safari, misumari ya chuma iliyogusana na shaba ilikutwa imekwisha, ila mahali ambapo karatasi ya kufungashia mabati ilisalia kati ya shaba na chuma, msumari ulikuwa mzima. Karatasi tu! Mwaka 1824 Humphry Davy alionyesha kwamba vipande vya zinki au chuma vikifungwa kwenye shaba hujitoa kuliwa badala yake, na vile vipande vya zinki mnavyoviona kwenye mashine za mashua hufanya kazi hiyohiyo.

#9 Nahodha Bamvua

Mhandisi, ya Waingereza tumeyasikia. Sasa turudi Lamu, usukani wa watu umelegea.

#10 Mkazi wa Mkomani

Ahsanteni nyote. Majibu yangu ni haya. Kwenye vichwa vilivyosalia nimeona A2, kwa hiyo #3 amesema kweli katika hilo. Bawaba zilichomelewa na fundi wa mjini kwa chuma cha kawaida, kisha zikachovywa zinki. Zina kutu kidogo kwenye kingo, lakini ni nene na imara. Betri ninayo, ya kuendesha pampu ya maji ya ngama (chini kabisa ndani ya chombo, maji yanapokusanyika) na taa ya usiku.

#11 Mwalimu wa Kemia

Basi nadharia ya #8 ina shida. Kwa mpangilio alioutoa yeye mwenyewe, bawaba ya chuma chenye zinki ilipaswa kulika na kuilinda bolti. Hapa bolti imelika na bawaba imebaki.

#12 Mhandisi Kilindini

Hoja ni nzuri na naikubali kwa upande wa kugusana. Lakini mwenye uzi ametaja pampu iliyoko ngamani. Waya wa pampu ukichubuka na kulala ndani ya maji, umeme wa betri hutafuta njia ya kutoka kupitia chochote cha metali kinachogusa maji ya ndani na ya nje kwa pamoja, na bolti ya usukani ni njia ya namna hiyo. Umeme unaovuja unaweza kuila metali kwa majuma, si kwa miaka. Apime kwa mita kama kuna volti kati ya bolti na maji ya ngama pampu ikiwa imewashwa, halafu tuzungumze. Vilevile bolti ikishapoteza utando wake ndani ya tundu, cheo chake katika ule mpangilio hushuka, kwa hiyo si sawa kuihesabu kama stenlesi nzima.

Na jambo moja la hatari kwa wote wanaomshauri atie bronzi: akitia bolti za bronzi katika bawaba za chuma chenye zinki, bawaba ndizo zitakazoliwa. Ama kila kitu kiwe bronzi, bawaba na bolti na washa (kile kisahani cha chini ya nati), ama kila kitu kiwe chuma chenye zinki. Tena kinachodhuru zaidi ni kipande kikubwa cha metali bora kugusana na kipande kidogo cha metali dhaifu, kama bamba la shaba lililoshikwa kwa misumari ya chuma.

#13 Nahodha Bamvua

Wasomi mmezungumzia kilichoila bolti, lakini hakuna aliyeuliza maji yaliingiaje. Bolti iliyokazwa vizuri juu ya mbao kavu haina maji pembeni yake. Usukani wa mashua hupigwa na mawimbi usiku na mchana, na katika msimu wa kusi mlangoni mwa Shela hupigwa kwelikweli. Kama upande wa ndani aliweka washa ndogo tu, washa ile hudidimia katika mbao kidogo kidogo, bolti hulegea, tundu hupanuka, na hapo ndipo maji ya #5 yanapopata makao. Nimefungua vifaa vingi vya vyombo vya watu, na kilichokuwa na bamba pana la ndani mara nyingi kilikuwa na bolti safi, iwe ya chuma gani.

Kwa hiyo kwanza tafuteni kibao cha ndani. Mimi hutumia mbambakofi, mti mgumu, mnene wa inchi moja, uliochongwa kufuata mzingo wa chombo, nyuzi zake zikikatisha zile za ubao wa chombo ili usipasuke. Kingo huzilainisha.

#14 Malindi Faiba

Nakubaliana na Nahodha asilimia kubwa, hasa kwa vishikizo vya kamba. Huku kwetu watu hutumia plaiwudi, na plaiwudi ya kawaida ikipata maji kupitia tundu la bolti huoza kutoka ndani huku uso wake ukiwa mzuri. Ninachokifanya kwa mashua za faiba ni kutoboa tundu kubwa kuliko bolti, kulijaza epoksi iliyokolezwa unga, kuiacha igande, kisha kutoboa tena tundu la kipimo katikati ya ile epoksi. Maji hata yakipita, hayaigusi mbao. Kwa kibao cha ndani chenyewe, bamba la faiba lililogandishwa kwa epoksi halipondeki wala halinyonyi.

Na tafadhali, nati za stenlesi msizikaze kavu. Huumana na bolti hadi zisitoke mbele wala nyuma, na hapo hubaki kukata tu. Pakeni grisi.

#15 Mvuvi Ngomeni

Mimi hukata vibao vya ndani kutoka katika plastiki nene nyeupe, ile ya mbao za kukatia samaki. Haiozi kabisa. Naona hata Flipflopi, jahazi lililoundwa hapo Lamu kwa plastiki iliyorejelezwa, likashushwa majini mwaka 2018 na kusafiri hadi Zanzibar mwaka 2019, limeonyesha kwamba plastiki inaweza kazi.

#16 Binti Shela

Kweli, na fundi wake mkuu, Ali Skanda, ni wa hapahapa, jambo la kutufurahisha sote. Lakini kaka, chombo kizima kilichoundwa kwa plastiki hupanuka na kusinyaa pamoja, na kibao cha plastiki kilichobanwa kati ya mbao na chuma hakina nafasi hiyo.

#17 Mwalimu wa Kemia

Naongezea hesabu kwa #16. Polithini, yaani hiyo plastiki ya mbao za kukatia samaki, ya mita moja ikipashwa nyuzi 20 hurefuka milimita 2 hadi 4, ilhali stenlesi ya urefu huo hurefuka kama theluthi moja ya milimita. Kwa kibao cha sentimita kumi tofauti hiyo ni ndogo, na hilo silo linalonisumbua. Linalonisumbua ni kwamba polithini ikibanwa kwa muda mrefu hutiririka taratibu, hata bolti uliyoikaza leo ikawa imelegea baada ya miezi bila mtu kuigusa. Tena gundi karibu zote za kuzibia hazishikamani na polithini. Akiitumia, basi akaze upya mara kwa mara.

#18 Mvuvi Ngomeni

Za kwangu nimekuwa nikizikaza upya bila kujua sababu. Shukrani, Mwalimu. Na hiyo gundi ya kuzibia, mnatumia ipi? Mimi natumia silikoni ya madirisha.

#19 Malindi Faiba

Silikoni ya madirisha huachia mbao mapema, na ikishagusa mahali, rangi na gundi nyingine havishiki tena hapo hadi ukwangue. Tafuta ya poliyurethani ya baharini. Pia usikaze hadi mwisho siku ya kwanza: kaza hadi gundi itokeze kidogo pembeni, iache iwe mpira, kisha umalizie kwa robo ya mzunguko ukishika kichwa cha bolti kisizunguke. Ukiikamua yote mara moja hubaki chuma juu ya mbao bila kitu kati yake.

#20 Fundi wa Keke (Matondoni)

Wazee wa visiwa hivi waliunda mitepe bila msumari hata mmoja. Mbao zilishonwa kwa kamba za makumbi na kukazwa kwa vijiti vya mti, na tanga lilikuwa la mkeka. Vyombo hivyo vilitoweka katika miongo ya mwanzo ya karne ya 20. Silitaji hili ili mtu ashone mashua yake leo. Nalitaja kwa sababu mtepe ulikuwa ukijinyonga pamoja na mawimbi wala haukupasuka, na kila nilipoona chombo kimefungwa vyuma vigumu mno mahali panapochezacheza, nimeona mbao ikipasuka pembeni ya chuma. Nahodha wa #13 asikaze mpaka mbao ilie.

Na pale aliposema Faiba kwamba tundu lijazwe epoksi, hiyo ni kwa faiba na kwa mbao iliyokauka kweli. Mbao ya mashua inayofanya kazi kila siku ina maji ndani yake. Epoksi haitaishika, na utakuwa umefungia unyevu ndani.

#21 Malindi Faiba

Ndiyo maana nikasema kwanza ipandishwe, iachwe ikauke kivulini. Wengi hawana subira hiyo kwa sababu kila siku pwani ni siku bila nauli.

#22 Nahodha Bamvua

Fundi, sikazi mpaka ilie. Nakaza mpaka inyamaze.

#23 Binti Shela

Ningependa kurudi kwenye zinki ya Fundi, kwa maana wengi hapa watafuata njia yake kwa sababu ya bei. Kuna bolti za zinki za namna mbili, na dukani huwekwa katika sanduku moja. Zile zinazong'aa na laini zimepakwa zinki kwa umeme, tabaka lake ni mikroni (sehemu ya elfu ya milimita) 5 hadi 12 tu. Zile za kijivu kilichofifia, zenye uso wa mkwaruzo, zimechovywa katika zinki iliyoyeyuka kwa nyuzi 450 hivi, na tabaka lake huweza kuwa mikroni 45 hadi 85. Hizo za kijivu ndizo za baharini. Nati zake lazima ziwe zile zilizopanuliwa kidogo, kwa sababu zinki hunenepesha meno ya bolti. Ukiilazimisha nati ya kawaida unaikwangua zinki uliyoilipia.

#24 Mkazi wa Mkomani

Nimepima kama alivyoagiza Mhandisi. Pampu ikiwa imezimwa, mita haisomi kitu. Ikiwashwa inasoma kidogo, wala sijui kama kidogo hicho kinatosha kuila bolti. Waya mmoja ulikuwa na kiungo kilichofungwa kwa utepe tu, chini kabisa ya ngama. Nimeukata na kuupandisha juu. Pia nimekuta upande wa ndani palikuwa na washa ndogo, nazo zimedidimia, kwa hiyo Nahodha naye hakukosea. Na bolti zilikuwa A2. Naona kila mmoja wenu ameshika kipande.

Kwa fedha niliyo nayo, bawaba mbili za chini nitazifunga kwa bolti za chuma zilizochovywa zinki, pamoja na bawaba zenyewe kuchovywa upya, kibao cha mbambakofi ndani, na gundi ya poliyurethani. Vishikizo vya juu nitaviacha na stenlesi yake. Ubao wa mashine bado sijaamua, kwa kuwa mabano ya mashine ni ya alumini.

#25 Mhandisi Kilindini

Kwa alumini tumia A4, lakini weka kitu kisichopitisha umeme kati yao, washa za nailoni na grisi nzito kwenye meno, na hakikisha kile kipande cha zinki cha mashine hakijapakwa rangi. Kikipakwa rangi hakifanyi kazi yoyote.

#26 Mwalimu wa Kemia

Bado nasisitiza kwamba A4 au hata bora kuliko A4 ingelika pale chini, iwe pampu ipo au haipo. Ila kwa kuwa umechagua zinki, toa bolti moja ya bawaba ya chini kila unapopandisha chombo na uitazame katikati, si kichwani.

#27 Fundi wa Keke (Matondoni)

Akiitoa kila mara, tundu litapanuka. Nami nasema aitazame mbao inayoizunguka. Ikiwa nyeusi na laini kwa ncha ya kisu, ndipo atoe.

#28 Nahodha Bamvua

Bamvua ijayo (maji makuu) nitakuwa Matondoni, inshallah, nami nina bolti za zinki za usukani zilizokaa misimu mingi. Fundi akubali tuzitoe mbili mbele ya Mwalimu, tukate katikati, tuone.

#29 Mwalimu wa Kemia

Nitakuja. Nileteeni na moja ya stenlesi iliyokaa muda huohuo, iliyotoka chini ya maji.